Kioo Kinachojigusa

Alasiri hiyo mama mkubwa alikuwa ameketi mbele yangu kwenye mkeka, ungo mapajani, akichagua mchele kwa mkono wa kushoto. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Nina hakika, kwa sababu nilikuwa nikimtazama usoni wakati sauti yake ilipotoka chumbani, nyuma ya pazia, ikasema, "Njoo."

Baba mkubwa, mumewe, alikuwa barazani akitia mpini kwenye jembe. Aliliweka jembe chini, akapangusa mikono, akapita katikati yetu bila kututazama, akaingia chumbani. Tukamsikia akisema kwa upole, "Nimekuja. Unataka nini?"

Hakuna aliyemjibu. Mama mkubwa aliokota chuya, akaitupa uani, akaokota nyingine.

"Imeanza lini hii?" nikamwuliza.

Alinitazama, kisha akalitazama pazia. Jibu lilikuwapo machoni, ila halikuwa na njia ya kutokea.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu, na nyumba yake ya Kisarawe ndiyo niliyokulia. Alipata kiharusi wakati wa kuokota korosho. Alianguka shambani, akapelekwa hospitali, na mwishowe akahamishiwa hospitali ya Tumbi iliyoko Kibaha. Mimi naishi Kibaha, na kazi yangu ni kutunza kompyuta za kiwanda kimoja kule Zegereni, kwa hiyo nilikuwa nampitishia uji wodini kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Aliporuhusiwa alirudi nyumbani na mguu wa kuburuta, mkono wa kulia uliolala, na ulimi usiomtii. Akili ilikuwa yake yote. Ungemwuliza jambo, akalielewa, akalitafutia jibu, lakini kilichotoka kinywani kilikuwa mngurumo tu, na mngurumo huo ulimtia aibu hadi akaacha kujaribu. Akawa anaita kwa kugonga kikombe cha bati kwa kijiko.

Hicho kikombe ndicho kilichonisumbua. Kila nilipokwenda kumjulia hali nilisikia kule kugonga na kuona kama tumemweka mtu mzima kwenye nafasi ya kengele. Kiwandani kulikuwa na vishikwambi vilivyotolewa kazini kwa uzee, nikaomba kimoja. Mfumo wake wa awali ulikuwa mzito na haukupokea tena masasisho. Niliuondoa, nikaweka Linux, ule mfumo huria ambao mtu yeyote anaweza kuufungua akaona ndani yake mmeandikwa nini.

Kioo kilikufa papo hapo. Picha ilikuwepo, ila ukigusa ni kama unagusa ukuta. Ndani ya kioo cha kugusa mna kipande kidogo cha umeme ambacho kila mashine inapowaka huamka hakijui chochote. Lazima kipakiwe faili la maagizo: wewe una ukubwa huu, nyaya zako zimepangwa hivi, juu ni huku. Mafundi tunaliita famwea. Mfumo mpya haukuwa nalo, ikanibidi nilichimbue kwenye dreva, programu za kuendeshea vifaa, za mfumo wa zamani nilizokuwa nimezihifadhi, na kulipa jina ambalo mfumo mpya ulikuwa ukilitafuta. Kioo kikaamka. Kwanza kiliamka kichwa chini, ukigusa juu kinaitika chini, nikakinyoosha.

Kisha nikatengeneza ubao wa maneno. Vitufe vikubwa vya kutosha kidole kinachotetemeka: Maji. Chooni. Naumwa. Ndiyo. Hapana. Funga mlango. Sitaki. Kona ya juu kulia niliweka Njoo, kwa sababu ndilo neno ambalo angelihitaji zaidi.

Sauti nilikuwa nayo tayari. Mama mkubwa hakupenda kuandika kwenye simu. Kwa miaka mingi alinitumia ujumbe wa sauti, mrefu, wenye kuku na mvua na watu wanaopita wakimwamkia. Nikakaa na jumbe hizo, nikakata neno hapa na neno pale. "Njoo" niliipata kwenye ujumbe ambao alikuwa akinisimulia huku anamwita mtoto wa jirani. Ilikuwa "njoo" yake hasa, inayopanda kidogo mwishoni, isiyokuwa amri wala ombi.

Siku nilipompelekea, alibonyeza neno la kwanza, akasikia sauti yake mwenyewe inasema "Maji." Akaweka mkono mdomoni. Baba mkubwa alilia. Mimi nilidhani sote tumefurahi.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Safari moja nilipofika nikakiunganisha kishikwambi na simu yangu, nikakiacha kipakue masasisho, nikarudi Kibaha. Na sasa, safari iliyofuata, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikimsikiliza mwanamke aliye mbele yangu akiita kutoka chumba kingine.

Niliingia chumbani. Kishikwambi kilikuwa kwenye meza ndogo kando ya kitanda, kimeegemezwa ukutani, kimechomekwa kwenye umeme. Baba mkubwa alikuwa ameketi kitandani, ameelekea kwenye kile kioo, mikono magotini, kama mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa.

"Baba mkubwa, kinafanya hivi mara nyingi?"

"Anaita," alisema. "Asubuhi huwa anaita zaidi."

Nilishuku chaja kwanza. Chaja za bei rahisi huvujisha umeme kidogo hadi kwenye kioo, na kioo hudhani kimeguswa. Nikaichomoa. Tukangoja. Ukungu wa Kisarawe ulikuwa umeanza kupanda kutoka mabondeni upande wa Pugu na chumba kilikuwa na baridi. Baada ya muda kikasema, "Njoo," kwa betri yake chenyewe. Nikafuta kioo kwa kitambaa kikavu. Kikasema tena wakati kitambaa bado kiko mkononi mwangu.

Nikaamua kubadilisha maneno. Kona ya juu kulia nikaweka "Funga mlango," na "Njoo" nikaihamishia chini. Nilitaka kujua kama mashine inapenda neno au inapenda mahali. Sikumwambia mtu. Nikatoka kumsaidia mama mkubwa kuosha mchele.

Tulikuwa tunakula wakati sauti iliposema, "Funga mlango."

Baba mkubwa aliacha tonge sahanini. Alinyanyuka, akaenda akaufunga mlango wa mbele, akarudi akakaa. Nje bado kulikuwa na mwanga, ila sebuleni kukawa giza. Mama mkubwa alimtazama mumewe akila gizani. Kijiko chake kilibaki hewani.

"Baba mkubwa," nikasema, "nimebadilisha neno mimi. Mashine inajigusa kwenye kona ile. Ningeweka neno lolote lingesikika."

"Mwanangu, nimefundisha sayansi darasani mpaka nikastaafu. Najua mashine ni mashine." Akameza. "Sauti ni ya nani?"

"Ya mama mkubwa."

"Basi nimemwitikia mke wangu. Kosa langu liko wapi?"

Nilinyanyuka nikaufungua mlango, na hapo kizingitini nikamkuta jirani, mama mmoja ambaye tangu kiharusi alikuwa akileta mboga. Alikuwa amesimama na bakuli la kisamvu, ameufikia mlango uliofungwa, na bila shaka alikuwa amesikia. Nilimwamkia, akaitikia, nikamkaribisha ndani. Hakuingia. Alinikabidhi bakuli kwa mikono miwili na kusema taratibu, "Mwanangu, sauti ya mtu ikitengana na mwenyewe si jambo la heri. Mwambieni shehe aje awasomee dua." Akaondoka akipitia nyuma ya nyumba, njia ambayo haipiti karibu na dirisha la chumba kile.

Nilikichukua kishikwambi, nikawaambia nakwenda kukitengeneza. Baba mkubwa alinisindikiza mpaka barabarani. Aliomba akibebe yeye, akakibeba kifuani, na aliponipa akanisihi nisikiweke chini ya mizigo.

Kibaha naishi peke yangu, vyumba viwili na jiko. Siku ya mapumziko, asubuhi kweupe, niliwasha kishikwambi mezani sebuleni ili mfumo uandike kumbukumbu za kila unachofanya, nikaenda jikoni kusonga ugali wa kulia mchuzi uliobaki. Nilikuwa nimerudisha maneno mahali pake pa kwanza. Sufuria ilikuwa inachemka, redio ya jirani inaimba, na mimi nilikuwa mbali kabisa kimawazo.

"Njoo."

"Abee mama!" nikaitika, na nikaenda. Nilikuwa nimefika katikati ya sebule na mwiko mkononi, unga unadondoka sakafuni, ndipo nikatambua ninapokwenda. Hakukuwa na mtu. Kilikuwapo kioo tu, kinang'aa, na maneno yake makubwa. Nilisimama pale, na jambo lililoniogopesha zaidi ya sauti yenyewe ni jinsi miguu yangu ilivyokuwa imekwenda bila kuniuliza. Nikamwelewa baba mkubwa.

Nilizima sauti. Ugali ukaungua, nikauacha.

Kuna programu ndogo inayochora nukta kila kioo kinapohisi kidole. Niliiwasha, nikakilaza kishikwambi mezani, nikakaa mbali, mikono kifuani. Kioo kilikuwa cheusi na safi. Kisha kwenye kona ya juu kulia ikatokea nukta moja. Ikapotea. Zikatokea mbili. Halafu zikatokea tano kwa mkupuo, nne zimepinda kama upinde na moja pembeni, na zikakaa. Mtu akiweka kiganja taratibu kwenye kioo cha dirisha, akichungulia ndani, vidole vyake huacha alama ya namna ile. Nukta zilitetemeka kidogo, zikateleza kuelekea katikati, zikafutika.

Nilijua kuwa kipande kile cha umeme hakiwezi kuripoti zaidi ya vidole vitano, na kwamba kikichanganyikiwa huripoti vyote. Nilijua. Hata hivyo niliinuka nikafungua madirisha yote ya nyumba.

Nikiwa nimerudi kuzisubiri zile nukta, simu ikaita. Alikuwa baba mkubwa.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri. Nyinyi hamjambo?"

"Hatujambo. Sasa, unamrudisha lini?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Kishikwambi unakirudisha. Unayemrudisha ni mtu. Na yule mzee alikuwa mwalimu. Maisha yake yote alikuwa akituchapa kwa makosa ya namna hiyo.

"Nitakirudisha kikipona," nikasema.

"Usimweke sana. Nyumba imekuwa kimya."

Nyuma ya sauti yake nilisikia kitu. Bati. Kijiko kwenye kikombe, mara kwa mara, bila haraka, kama mtu anayegonga kwa muda mrefu.

"Baba mkubwa, mama mkubwa anakuita."

"Anaita?" Sauti yake ikachangamka. "Anasemaje? Niwekee simu karibu nimsikie."

Nilikaa na simu sikioni. Kikombe kiliendelea kugonga kule Kisarawe. Mezani kwangu kiganja cha nukta kilikuwa kimerudi.

"Siyo huku," nikasema. "Hapo ulipo. Nyuma yako."

Nikamsikia akivuta pumzi, na nikasikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu. "Ah," alisema, kwa sauti ndogo sana. "Ngoja. Ngoja nimwone." Simu ikakatika.

Tangu hapo sikuifanya kazi ile kwa subira tena. Niliifanya kwa hofu. Nilizipekua kumbukumbu za mfumo mstari kwa mstari, tangu mashine inapowaka. Kabla ya masasisho, mfumo ulikuwa ukipakia faili nililolichimbua mimi. Baada ya masasisho ulikuwa ukipakia lingine, lenye jina ambalo sikuwahi kuliona, na ukijitangazia kwamba kioo kina vipimo ambavyo havikuwa vyake. Ulikuwa umekipa kipande kile maagizo ya mwili mwingine. Kikawa kinasoma nyaya ambazo hazipo, na pale kwenye kona ambapo mpangilio uliachana, kila mnong'ono wa umeme kilihesabu ni kidole.

Lakini maagizo hayo yalitoka wapi? Nilieleza yote kwenye jukwaa la mtandaoni wanakokutana watu wa mfumo huo, nikabandika kumbukumbu zangu. Akanijibu mtu wa nchi ya mbali, ambaye mpaka leo sijui kama ni mwanamume au mwanamke. Aliniambia yeye ndiye aliyeandika maagizo yale. Alikuwa na kishikwambi chenye jina lile lile la watengenezaji, akakitengenezea njia, na waandishi wa mfumo wakaipokea kazi yake kwenye toleo jipya. "Vyetu vina jina moja," aliandika, "ila vioo ni tofauti. Mfumo unadhani chako ni changu." Akanionyesha maneno ya kuandika ili mashine inapowaka iambiwe wazi kwamba yenyewe ni yenyewe: tumia vipimo hivi, pakia faili hili, usifuate jina. Akaniomba pia tarehe ya programu ya kuwashia iliyomo ndani ya mashine yangu, ili toleo lijalo lijue kuvitofautisha.

Nikaandika, nikazima, nikawasha. Nikafungua ile programu ya nukta. Kioo kilikaa cheusi. Nikapika, nikala, nikafua, nikiwa napita na kuchungulia, na kioo kiliendelea kukaa cheusi. Nilipoweka kidole, ikatokea nukta moja chini ya kidole changu. Nilipokiondoa, ikatoweka.

Nilikipeleka Kisarawe. Baba mkubwa alikuwa ameketi barazani amevaa kanzu safi. Hakuniruhusu hata kukaa. Alikipokea, akakipeleka chumbani, akakiegemeza ukutani pale pale, akakaa kitandani. Akangoja. Mama mkubwa alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, naye akimtazama mumewe anavyongoja. Mchana ukapita hivyo. Wakati fulani baba mkubwa aliinama, akasema karibu na kioo, "Nipo hapa."

Kikakaa kimya.

"Umemnyamazisha," aliniambia bila kugeuka.

Mama mkubwa alinyanyuka. Aliuburuta mguu wake mpaka mezani, akakichukua kishikwambi kwa mkono wa kushoto, akakipakata. Kidole chake kilitafuta, kikapata.

"Sitaki," ikasema ile sauti ya zamani, yenye mvua nyuma yake.

"Hutaki nini, mama?" nikamwuliza.

Alikigeuza kishikwambi, akaweka kidole kwenye matundu madogo ubavuni, yale ya spika.

"Hutaki kishikwambi?"

"Hapana."

"Hutaki sauti?"

"Ndiyo."

"Mama," baba mkubwa akamwambia, "hiyo ni sauti yako. Mtoto amekutafutia sauti yako."

"Hapana," ikasema sauti. Akabonyeza tena. "Hapana. Hapana." Kisha akakiweka kishikwambi kitandani, akamshika mumewe kidevu kwa ule mkono mmoja uliobaki, akamgeuza uso mpaka wakatazamana. Alimshika hivyo kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Baba mkubwa alijaribu kuyakwepesha macho, akashindwa, na machozi yakaanza kumtiririka mpaka kwenye vidole vya mkewe.

Nilitoka nje, nikawaacha.

Kabla sijaondoka niliziondoa sauti zote. Nilimwuliza mama mkubwa kama niweke yangu badala yake, akatikisa kichwa. Ya baba mkubwa je? Akakataa. Tulielewana mwishowe: akigusa neno, litajaza kioo chote kwa herufi kubwa, na kutatoka mlio mfupi tu, kama wa saa. Anayetaka kujua amesema nini atalazimika kwenda alipo, avae miwani, asome. Baba mkubwa alinung'unika kwa wiki kadhaa kwamba mlio ule hausikiki shambani. Kisha akaacha kwenda mbali.

Mlio ule nao niliuogopa mwanzoni. Kila nilipokuwa pale ukalia, nilikimbilia kwanza kumtazama mkono. Kila mara mkono ulikuwa juu ya kioo.

Mvua za masika zilipokwisha, mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alikuwa amemfundisha mama mkubwa kupuliza, kuvuta ulimi, kusema a na o mbele ya kioo cha kujitazamia. Alifanya akiwa peke yake, mlango umefungwa, hataki tumsikie. Siku moja nilikuwa barazani na baba mkubwa tunamenya mihogo. Ndani ikasikika sauti. Ilikuwa nzito, ya chini, imekwaruza, kama ya mtu mgeni aliyetembea mbali na hajanywa maji. Ilisema jina la baba mkubwa, lile la utotoni ambalo ni mama mkubwa tu anayemwita kwalo.

Baba mkubwa alishtuka, kisu kikamponyoka. "Nani huyo?" akaniuliza kwa kunong'ona. Uso wake ulikuwa umepauka.

Sauti ile ngeni ikaita tena, polepole, ikijikwaa kwenye herufi ya katikati.

Nikamtazama. Alikaa akisikiliza, kichwa upande, muhogo mkononi. Kisha akaanza kunyanyuka, mkono ukitafuta nguzo ya baraza, na akaitika.